Sharti la Kukaa Kitini

Wanaosema roboti ya upasuaji ndiyo iliyomuua Doreen Maki waje waniambie usoni. Iliganda, kweli. Mashine huganda! Ndiyo maana hospitali ilinipa mimi, nesi, kazi ya kuisimamia, na sharti langu la kwanza lilikuwa moja: daktari akiwa kwenye usukani wa roboti, chumbani akae mwingine anayejua kupasua kwa mkono, asitoke mpaka mgonjwa ashonwe.

Siku hiyo wa kukaa alikuwa Daktari Ostrander, mkongwe wa visu. Tulipotaja majina kabla ya kuanza, alitaja lake, akakaa. Lakini kesho yake msimu wa uvuvi ulikuwa unafunguliwa, na huku kwetu Minnesota siku hiyo mji mzima huvuta mashua kwenda ziwani.

Doreen alikuwa jirani yangu. Tulikuwa tunamtoa figo yenye uvimbe. Kabla hajalala alinishika mkono.

"Likizimika hilo dude, je?"

"Tutakupasua kizamani, shoga. Utabaki na kovu la kumtisha mumeo."

Akacheka.

Kazi ilikwenda vizuri mno, na hapo ndipo palipotuponza. Roboti ilipoganda, tuliichomoa mikono yake haraka tumboni mwa Doreen, kama tulivyojizoeza. Damu ikaruka. Nikageuka kumwita Ostrander, nikakuta kiti kitupu. Mimi nilikuwa nimeikodolea macho mashine; nani angedhani mtu mzima naye wa kulindwa?

Daktari Kessler, kijana wa watu, alitoka kwenye usukani akavaa glavu mbiombio.

"Mpasue!" nikamwambia.

"Sista, hii sijawahi."

"Hujawahi nini?"

"Kwa mkono. Nimefundishwa kwa roboti tu."

Mungu wangu! Tukampigia Ostrander simu, sauti tukaiweka juu. Nikasikia injini ya gari.

"Si mlikuwa mnamaliza?" akasema. "Nimetoka kidogo tu, nifunge mashua nyuma ya gari."

"Rudi, mzee! Doreen anakwisha!"

"Nageuza. Kessler, pasua chini ya mbavu. Ingiza mkono, ukandamize mshipa mkubwa wa damu kwenye uti wa mgongo. Usiuachie."

Kessler akapasua. Akaingiza mkono mpaka kifundoni, machozi yakimtiririka juu ya barakoa.

"Ni huu? Daktari, ni huu?"

Ostrander angejuaje, naye yuko barabarani? Tuliongeza damu, ikawa tunajaza pakacha. Nilimwita Doreen kwa jina, nikamtukana, nikambembeleza. Moyo wake ukasimama. Tulimkandamiza kifua mpaka Kessler mwenyewe akasema basi.

Ostrander aliingia akihema, viatu vina matope. Alikwenda moja kwa moja kwenye sinki, akafungua maji, akaanza kusugua mikono hadi viwiko, kwa utaratibu wake uleule.

Nikaenda nikafunga bomba.

"Usinawe, daktari," nikamwambia. "Njoo tukamwambie mumewe."