Mfuniko Juu ya Ngitili

Usiku wa jana niliota napima ngitili yetu, lile eneo la malisho tunalolifunga wakati wa mvua ili ng'ombe wapate chakula kiangazi. Kwetu hukati hata unyasi mmoja kabla halijafunguliwa, kwa hiyo napima kwa mfuniko wa sufuria uliotobolewa katikati na kupitishwa fimbo. Unaulaza juu ya majani, unaangalia umesimama wapi kwenye fimbo.

Ukifika alama ya juu, nampigia simu mume wangu Luhende arudi na ng'ombe kutoka huko mbali alikowapeleka. Nimemkumbuka mpaka nawachukia watu wanaocheka.

Basi napima. Mfuniko unasema, "Mama Kabula, mbona unachagua penye majani manene tu?"

"Ndipo nilipofika."

"Na kile kipara?"

"Sikukiona."

"Umekiruka, mama."

Mara ngitili iko chumbani. Majani yamejaa upande wangu wa kitanda. Nikaulaza mfuniko upande wa Luhende, ukashuka moja kwa moja hadi kwenye shuka.

"Na hapa panahesabiwa," ukasema.

Ukuta ukaondoka. Mwisho wa majani namwona Luhende na ng'ombe. Mfuniko ukipanda, anasogea. Nikapenyeza kidole cha shahada chini yake, nikaunyanyua kidogo. Akasogea. Nikaunyanyua zaidi. Sasa naliona jino lake lililovunjika. Naona pia mbavu za ng'ombe, moja moja.

"Wakifika watakula nini?" mfuniko unauliza.

"Nyamaza. Mwache angalau afike mlangoni."

Anafika mlangoni. Ndama mmoja anapiga magoti. Ng'ombe wote wananitazama mimi, hawatazami majani.

Nikatoa kidole. Mfuniko ukashuka, na Luhende akaondoka kinyumenyume, mkono bado ameuinua kunisalimu.

Nikaamshwa na simu. Ni yeye.

"Mama Kabula, nisamehe. Nilikuwa nakuja bila kukwambia, uvumilivu umenishinda. Tumefika mtoni, ng'ombe wote wakaanza kurudi kinyumenyume. Mpaka sasa wanatembea hivyo hivyo. Sijapata kuona."

"Wafuate," nikamwambia. "Majani bado."

"Hata kidogo?" akauliza.

"Hata kidogo," nikasema, huku nimekikalia kidole changu kisije kikanyanyua kitu.