Sanduku la Kunyweshwa Maji

Tukuyu hakuna anayetafuta unyevu. Unyevu ndio unaomtafuta mtu. Viatu vya sikukuu ya Idi huota ukungu chini ya kitanda, chumvi huloa ndani ya kopo, na mlango uliofunga vizuri wakati wa jua, mvua zikianza humgomea mwenye nyumba. Fundi Nurdin alikuwa amemaliza ujana wake akipigana na adui huyo. Mbao zake alizipanga juu darini, akazigeuza, akazinusa, akazigonga kwa kifundo cha kidole, na hakupitisha msumeno mpaka zimwitikie kwa sauti kavu. Sasa mtu kama huyo umwambie atengeneze sanduku, halafu alinyweshe maji! Alidhani mpishi anamtania.

"Hebu rudia," alisema.

"Mwe, Fundi, ndivyo alivyosema mwenyewe," akajibu Anyelwisye, mpishi wa meneja mpya wa shamba la chai, mtu ambaye z nyingine humtoka kama s. "Zile sigara zake nene, za majani matupu, zikikauka hazifai. Lasima zikae penye unyevu. Ndani usipake vanishi. Ukimalisa, chukua maji yaliyochemshwa yakapoa, chovya kitambaa safi, kamua, futa ndani polepole. Halafu weka glasi ya maji humo humo, funga, uache mbao inywe mpaka ishibe. Mbao yenye kiu itazinyonya sigara unyevu."

"Nimeshakausha mbao mwaka mzima, leo nizilowanishe?"

"Mimi mpishi tu, Fundi. Ila ukilipatia, unabaki."

Hilo neno la mwisho ndilo lililomfunga mdomo. Zilikuwa zama za ruksa. Shamba lilikuwa la serikali, likauzwa, na mwekezaji akaja na meneja wake na maneno yake ya kupunguza watu. Mafundi wote wa karakana walikuwa wameagwa. Nurdin alisazwa kwa sababu moja tu: sanduku la sigara la meneja lilikuwa limepasuka safarini. Jipya likimpendeza, Nurdin angekuwa fundi wa shamba, na nyumba ya kambini ingebaki mikononi mwake. Lisipompendeza, nyumba inatakiwa.

Wenzake walipoachishwa walinung'unika, wakafunga mizigo, wakarudi Ikuti na Kisiba kwenye migomba ya baba zao. Nurdin angerudi wapi? Baba yake alikuja kutoka Kilwa na mzigo wa vitambaa, akapapenda hapa, akafia hapa. Ardhi pekee aliyowahi kuwa nayo Tukuyu ni ile aliyozikiwa.

Basi akalitengeneza. Alichagua mkangazi uliokuwa mwekundu kama chai iliyokolea, akaunga pembe kwa meno bila msumari hata mmoja, akasugua mpaka kiganja kikateleza. Mfuniko ulishuka wenyewe, taratibu, ukitoa pumzi ndogo kwa sababu hewa haikuwa na pa kupita. Aliufungua na kuufunga mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Uongo mbaya, fundi hana raha kubwa kuipita hiyo.

Alipomaliza tu karakana ilifungwa, funguo zikachukuliwa, kwa hiyo alilipeleka sanduku nyumbani, akaliweka pembeni mwa chumba cha kulala. Akafuta ndani kwa kitambaa kama alivyoelekezwa, akaweka glasi ya maji, akafunga, akalifunika kwa kanga.

"Usiliguse," alimwambia mkewe, Hasina.

"Lina nini?"

"Usiliguse tu."

Na hapo ndipo alipokosea, maana neno moja zaidi lingetosha. Lakini mwanamume gani atamwambia mkewe kwamba anailowesha mbao kwa mikono yake? Tena mke aliyemsikia miaka yote akiwatukana wauza mbao mbichi? Aliona aibu. Akajisemea kwamba likikubaliwa atamweleza, na watacheka pamoja.

Kila siku aliinua mfuniko, akapitisha kidole. Mbao ilikuwa inakunywa. Maji ya glasi yalipungua, ndani pakawa baridi, laini, kama shavu la mtoto aliyetoka kuoga. Woga ukaanza kumtoka. Siku ya kulipeleka akashuka mjini kutafuta komeo dogo la shaba, na njiani alijikuta akiimba.

Aliporudi, harufu ilimpokea barazani. Udi.

"Baba Shamimu, njoo!" Hasina aliita kwa furaha. "Nimekuokoa leo. Nimelifunua nilifute vumbi, nikakuta Shamimu kaacha glasi ya maji humo ndani! Mbao imelowa chepechepe, yanukia ukungu. Nikasema, yarabi, mume wangu anakwenda kuaibika mbele ya Mzungu. Nimelikausha juu ya mkaa, pole pole, halafu nikalifukiza. Ule udi wangu wa harusi, wote nimeumalizia humo. Kwetu kasha haliendi kwa mkubwa likinuka ukungu."

Alisimama amelishika kwa mikono miwili, uso unang'aa kwa jasho na mapenzi. Mfuniko ulikuwa umejikunja. Pembe moja imenyanyuka, kidole kinapita.

Nurdin alitaka kupiga kelele, na alitaka kumkumbatia, akashindwa yote mawili. "Ahsante," alisema.

Akalichukua akaenda nalo nyuma ya nyumba. Alilifuta tena kwa maji, akaubana mfuniko kwa mawe, akapiga msasa ndani mpaka vidole vikachubuka. Pembe ilishuka kidogo. Harufu haikutoka ng'o. Mbao iliyokuwa imefunguka ili inywe maji ilikuwa imeunywa moshi pia, na kila alipozidi kusugua ndivyo udi ulivyozidi kumjia puani. Alimwomba Anyelwisye amtafutie muda. Haukupatikana, wenye shamba walikuwa wanafika, na meneja alitaka kuwakaribisha sigara.

Meneja alilipokea vizuri, ni lazima tuseme haki. Alizipapasa zile pembe za meno, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akafungua, akaingiza pua. Akacheka. Akasema maneno machache, akalirudisha.

Anyelwisye alitazama chini. "Anasema linanukia kama kanisani, sigara zitaharibika."

"Mwambie nitatengeneza lingine."

"Nimemwambia, Fundi. Anasema ataagisa kwao." Akamsindikiza hadi mlangoni. "Pole fijo, pole sana. Kazi yako ameisifu."

Nyumbani Nurdin alisema tu kwamba meneja ameamua kuagiza Ulaya. Hasina akawatukana wawekezaji wote na ukoo wao, akawaombea chai yao iote nyasi, kisha akaanza kufunga vyombo. Shangazi wa rafiki yake, huko Mbeya, angewapa chumba cha uani kwa muda. Kwa muda gani, hakuna aliyeuliza.

Vitu vyote vilitoka ila kitanda. Nurdin alikuwa amekiungia humo humo chumbani mwaka waliooana, kipana, cha mninga, akijua fika hakipiti mlangoni. Wakati ule alijisifu: kitanda hiki hakitoki, na sisi hatutoki. Pembe zake hazikuwa na msumari wa kung'oa. Akachukua msumeno.

Alipofika katikati ya ubao wa kwanza, Hasina, aliyekuwa amekaa sakafuni akikunja neti, alisema bila kuinua macho, "Ile glasi uliiweka wewe."

Msumeno ukasimama.

"Nimemuuliza Shamimu. Anaapa hakuiweka. Ni moshi wangu, siyo?"

Alikuwa na nafasi ya kusema hapana. Alilitafuta neno, lilikuwa jepesi, na hakuwa na nguvu za kulinyanyua. Mvua ilipiga bati. Hasina alimngoja, akaendelea kumngoja, kisha machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

"Shika huko mwisho," Nurdin alisema. "Ubao usije ukakuangukia miguuni."

Akashika, na mumewe akaendelea kukata.