Vidonge Kwenye Kopo la Vifungo

Fundi cherehani alikuwa akitafuta kifungo cheupe alipokuta vidonge tisa chini kabisa ya kopo. Alivitambua mara moja. Vilikuwa vya binti wa kaka yake, mtoto wa miaka kumi aliyemlea tangu wazazi wake wafariki. Kwa maneno yake mengi, majirani walimwita Kasuku.

Alimwita Kasuku, akavimwaga vidonge mbele yake.

"Mwanangu, sikugombezi. Niambie tu kwa nini hukuvimeza."

"Ulisema ni dawa za kifua. Kifua hakiniumi, shangazi. Mbona wenzangu hawamezi?"

Muuguzi wa kliniki alishamsihi shangazi amwambie mtoto ukweli, naye akawa anapiga danadana. Sasa alizima redio, akamkalisha karibu naye, akamweleza kwamba ana virusi vya UKIMWI, kwamba alizaliwa navyo na hana kosa lolote, na kwamba dawa zikimezwa kila siku huvidhibiti visimdhuru.

Kasuku alilia. "Kwa hiyo sitakufa?"

"Ukimeza, utazeeka ukipiga domo hivi hivi."

Mtoto akajifuta machozi. "Na wewe, za presha mbona huzimezi?"

Shangazi alicheka kwa aibu, maana alikuwa ameshikwa. Tangu hapo walimeza pamoja kila asubuhi, mmoja akimkagua mwenzake ulimi.

Miezi sita baadaye muuguzi alisoma majibu ya damu, akatabasamu. Virusi vilikuwa vimeshuka sana.

"Nani anamsimamia huyu?"

"Tunasimamiana," alijibu Kasuku, na hapo hapo akaanza kumsimulia jinsi shangazi yake alivyo mkaidi.