Kundi Nililojitoa

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, wala sina wa kumsingizia. Mke wangu alikuwa amefungua kundi kwenye simu, akawaeleza walimu wa binti yetu namna ya kumtuliza kelele zikimzidi. Mimi nikajitoa kwa hasira: mambo ya mwanangu yatangazwe kama mnada?

Basi king'ora cha shule kikalia kwa hitilafu, tukapigiwa simu. Nilifika mbio, kandambili moja mguuni, nyingine sijui iliko. Binti yangu alikuwa chini ya meza, kaziba masikio. Nikamvamia nimkumbatie, akapiga yowe.

"Mwachie, baba! Mama yake kaandika kwenye kundi asiguswe," akasema mwalimu aliyeanza kazi asubuhi hiyo. Akaketi sakafuni, mbali kidogo, akaimba polepole. Binti akatulia, kisha akatambaa mwenyewe hadi mapajani pa mwalimu. Hapo ndipo nami nikapumua.

Mke wangu akaingia akihema, akamwona mtoto, mwalimu akamsimulia yaliyotokea, akatabasamu. Nikanung'unika, "Sasa hata wageni wanajua siri zetu."

"Wanajua, mume wangu. Ndiyo maana mtoto kamwendea mgeni, wewe baba yake kakupigia yowe."