Rachel Alipotolewa Majini

Rachel na Paulo walikuwa pacha, Rachel akitangulia kuzaliwa kwa dakika kumi. Baba yao, Privatus, mtu wa Muleba aliyejenga nyumba mtaa wa Pasiansi, alifundisha baiolojia katika sekondari moja ya Mwanza. Darasani alipenda kuwaambia wanafunzi kwamba mengi tunayoyaita maumbile ni malezi tu. Alikuwa akiyaamini hayo kwa dhati.

Pacha walipokuwa na miaka minane, aliwakuta ziwani kati ya mawe pamoja na watoto wa mtaa. Paulo alikuwa akipigapiga mikono na kumeza maji. Rachel alikuwa mbele yake, amelala chali, ametulia, maji yanambeba. Hakuna aliyemfundisha. Privatus alisimama kumtazama, na kwa muda alifurahi. Kisha akaona wanaume wawili waliokuwa wakishona nyavu wanamtazama pia, na gauni la binti yake lilivyomganda mwilini. Akamwita, akamchapa fimbo mbili za miguu mbele ya wenzake, akaondoka naye.

Njiani Rachel aliuliza mbona Paulo amebaki. Baba yake akasema maji yale yana kichocho. Mwaka ule haujaisha, Paulo alikuwa anaogelea hadi jiwe la mbali na kurudi. Rachel alikwenda ziwani na ndoo, na maji hayakumpita vifundo vya miguu.

Walipokuwa na miaka kumi na tano walikwenda kisiwani kwenye harusi ya ndugu, wakiongozana na baba yao mdogo, Rwehumbiza. Privatus na mkewe, Josepha, walibaki kwa sababu mtoto wao wa mwisho, Kokulinda, alikuwa na homa. Siku ya kurudi, boti ilibeba watu kumi na mmoja bila hata jaketi moja la kuokolea. Upepo uliwakuta njiani. Wimbi la kwanza likaijaza boti maji, la pili likaipindua. Ilikuwa mchana, na nchi kavu ilionekana vizuri, hata mbuzi waliokuwa wakila majani kilimani walionekana.

Wanaume wote walifika. Kati ya wanawake na wasichana watano alipona mmoja, mama aliyekulia kambi ya wavuvi akiogelea na kaka zake.

Paulo alisimulia mara moja tu, siku ya pili ya msiba. Rachel alikuwa ameshikilia dumu tupu. Paulo alimwambia aliachie, alale chali, yeye atamvuta. Rachel alikataa. Hakuwa analia.

"Wewe nenda," alimwambia. "Wewe ni mwanamume, utafika."

Paulo akaenda ili alete msaada. Aliporudi na watu wa mtumbwi, walikuta dumu peke yake.

Chini ya turubai la msiba Rwehumbiza alijaribu kumfariji kaka yake. Alisema mwili wa mwanamke ni mzito majini, ndivyo Mungu alivyouumba, hivyo hapana wa kulaumiwa. Wazee waliokuwa karibu wakaitikia.

"Sivyo," Privatus alisema. "Mwili wa kike una mafuta zaidi, unaelea kuliko wetu. Nimelifundisha hilo miaka ishirini." Kisha akaongeza: "Rachel alikuwa anaelea. Ni mimi niliyemtoa majini."

Mtu mmoja, akidhani ni uchungu unaomsemesha, akamletea maji ya kunywa. Josepha alikuwa ndani na akina mama, karibu na dirisha, na alisikia yote. Tangu siku ile huzungumza na mumewe mambo ya lazima tu.

Miezi mitatu baadaye Privatus alimchukua Kokulinda, mwenye miaka sita, akashuka naye ziwani. Aliingia hadi magotini akanyoosha mikono, akamwahidi kwamba hatamwachia. Mtoto alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota kwenye jiwe.

"Baba, mimi ni msichana," alisema. "Maji yanaua wasichana. Kaka Paulo hayakumfanya kitu."

Privatus alimweleza kwamba maji hayajui nani wa kike, nani wa kiume. Alimweleza habari za mafuta na pumzi, taratibu, kama anavyoeleza darasani. Kokulinda alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akauliza kama sasa wanaweza kurudi nyumbani. Baba alipomshika mkono, alipiga ukelele. Wanawake waliokuwa wakifua waligeuka, na mmoja akamuuliza kwa ukali anamfanya nini mtoto wa kike.

Privatus akatoka majini, akambeba mtoto. Kokulinda alimkaba shingo na kufumba macho hadi walipofika barabarani. Nyumbani, Josepha aliona suruali ya mumewe ilivyolowa. Alimpokea mtoto, akaingia naye chumbani, akafunga mlango.