Uwanja Ulioshindiliwa

Hebu niambie, umewahi kumwona mtu mzima na akili zake akiandaa uwanja wa nyasi kama anayetengeneza barabara ya malori? Basi mama huyu alimwona, tena ni mumewe wa miaka arobaini na moja.

Aliposhuka kwenye basi na kimkoba cha siku mbili, alimkuta mzee amefunga kamba kutoka kona ya jiko hadi ukutani, amepiga magoti, jicho moja kalifumba, anasoma pima maji. Mawe yote yameokotwa, hata ya ukubwa wa punje ya mahindi. Magugu yameng'olewa na mizizi yake. Udongo umeinamishwa kidogo, ili mvua ikinyesha maji yakimbilie mtaroni na si jikoni. Maisha yake yote mzee huyu alikuwa dereva wa greda la kusawazisha barabara, na mtaani hata watoto humwita Babu Greda.

"Umefika," alisema.

"Nimefika, baba watoto. Habari za hapa?"

"Usikanyage hapo."

Hayo ndiyo makaribisho, baada ya miezi minane! Mama alikuwa kwa binti yao aliyejifungua. Mtoto sasa anatambaa, na binti amesema: mama, baki huku moja kwa moja, chumba chako kiko tayari. Jibu alilitaka Jumapili. Mama hakukubali wala hakukataa. Alikuja kwanza kusikia neno moja kwa mumewe, maana kila alipopiga simu mzee alimwambia, "Kaa tu, mimi sina shida," kisha akaingia kwenye habari za mbegu za nyasi. Eti kuna gari lenye tangi, mbegu zinachanganywa humo na maji, mbolea na karatasi zilizosagwa, unakuwa uji wa kijani, unapulizwa kwa mpira uwanja mzima. Unamuuliza mtu amelalaje, anakujibu uji wa kijani.

Saa nne fundi wa nyasi alikuja kukagua. Alisalimia vizuri, akasifu kamba, akasifu mteremko. Kisha akatoa bisibisi mfukoni, akaichoma ardhini. Ikagoma. Akasogea hatua tatu, akachoma tena. Ikagoma.

"Mzee, umeufanya nini udongo huu?"

"Nimeushindilia. Nilijaza pipa maji, nikalivingirisha mara sita."

"Mara sita! Sasa kesho nije na mbegu au nije na lami?"

Mama alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Mzee masikio yalimwaka moto.

"Mara moja inatosha, tena kijuujuu," fundi alisema kwa upole. "Hapa mizizi haina pa kuingilia. Fumueni udongo wa juu, kina cha vidole viwili, mpitishe reki. Mkimaliza leo, kesho asubuhi napuliza. Mkishindwa, gari linakwenda mbali, tutaonana baada ya miezi miwili. Na nikishapuliza, maji asubuhi na jioni, wiki tatu, na mtu asikanyage. Mama ndiye atasimamia maji?"

Mzee aliangalia viatu vyake.

"Mimi mgeni hapa, fundi," mama alisema. "Kesho jioni nina basi."

Alisema hivyo huku akimtazama mumewe. Mumewe akaenda kuchukua jembe.

Basi mama akajifunga kitambaa kiunoni, akashika reki. Mzee anafumua mbele, yeye anasawazisha nyuma, mabonge anayavunja kwa mgongo wa reki.

"Umeacha shimo hapo," mzee alisema.

"Shimo liko wapi? Kavae miwani."

"Miwani ninayo."

"Basi kaifute."

Wakafika nusu ya uwanja. Mama akasema, kama anayepitisha muda tu, "Kile chumba kwa binti kina dirisha kubwa."

"Dirisha zuri," mzee alijibu, na jembe likashuka kwa nguvu kuliko udongo ulivyohitaji.

Mama aliliona hilo. Alimjua mwanamume huyu. Ukimsukuma, anazima. Ukimwacha, anawaka mwenyewe, ila uwe na subira na kazi ya mikono ya kukushughulisha. Akaendelea kuvuta reki, mistari yake imenyooka kama ya daftari jipya.

Ilipobaki kona ya mwisho, karibu na bomba, mzee alisimama akaegemea mpini.

"Binti aliniambia huko unakaa na mtoto kwenye nyasi mpaka unasahau chai."

"Ni kweli."

"Ndiyo nikasema na hapa ziwepo."

"Ziwepo za nini, mzee?"

Alijifuta uso kwa kiganja, akabakiza tope kwenye shavu. Mama alitaka kulifuta, akajizuia, asije akamkatiza.

"Asubuhi nikiamka huwa naongea," mzee alisema. "Nafika katikati ya maneno ndipo nakumbuka kwamba hupo. Nataka urudi nyumbani, mama watoto. Nataka urudi."