Pumzi ya Mama Agathe

Jumanne asubuhi Gracieuse, muuguzi wa wadi ya upasuaji mjini Bunia, alimpima Mzee Baudouin joto, akabadilisha bandeji, kisha akamuuliza mkewe kama yeye mwenyewe hupumua polepole. Mzee alikuwa amepasuliwa umio siku iliyotangulia, na mapafu yake yalikuwa yamechoka. Wadi ilikuwa na mashine moja ya oksijeni, na umeme ulikuwa umekatika. Mashine mpya ilikuwa kwenye katoni mlangoni pa ofisi, ikingoja saini tangu Pasaka.

"Niko napumua tu kama mutu ya shamba," akajibu Mama Agathe.

Gracieuse akaona inatosha. Akaandika kwenye fishi, karatasi ya mgonjwa: *Oksijeni: mke.*

Tangu hapo, Mama Agathe alipovuta pumzi kifua cha mumewe kilipanda, alipoitoa, kilishuka. Daktari alisikiliza mapafu ya wote wawili, akaagiza jambo moja: kwa siku tano mama asihangaike, maana pumzi ya nguvu ingefumua mishono ya mzee.

Umbali haukudhuru kitu. Mama alikwenda nyumbani, mtaa wa Saio, kuwapikia watoto, akarudi. Aliacha kuimba kwaya. Makaa alipuliziwa na jirani. Shemeji yake Dady, mtu wa mizaha, alikatazwa kumkaribia.

"Siye batu ya Djugu tunachekaka na tumbo," Dady alimlalamikia Gracieuse. "Sasa mutaniweka wapi?"

Siku ya nne, alasiri, risasi zililia upande wa mtaa wa Bigo. Soko alikokuwa Mama Agathe likakimbia lote. Majani ya sombe yakabaki chini, pikipiki zikabaki zinaunguruma. Gracieuse aliweka mkono juu ya kifua cha mzee, akangoja kiruke. Hakikuruka. Kilipanda, kikashuka, sawasawa na jana.

Saa kumi na moja Mama Agathe aliingia, sufuria kichwani, mguu mmoja hauna kiatu.

"Niliogopa, muganga," alisema, bila kuharakisha neno. "Lakini niliambia woga itangulie."

Gracieuse alimpa kiti. Kisha akamwosha mguu.

Siku ya sita mzee alipumua mwenyewe. Mama Agathe alitoka nje, akacheka mpaka Dady akamshika.

Mchana wakaleta mgonjwa mwingine wa umio, kutoka Irumu. Gracieuse alichukua fishi mpya, akaenda uani walikokaa ndugu za mgonjwa, akawatazama mmoja mmoja, akauliza ni nani kati yao anayeweza kutembea wakati wengine wanakimbia.